Tangazo Ndani ya Ukungu

Fidanka Boshnakova hupiga video za ukungu. Hapigi kingine, ukiondoa vile ambavyo ukungu unavipitia: paa za mawe, mbuzi na kengele zao, birika juu ya jiko la kuni, mkono wake ukimimina chai ya mlimani. Hasemi neno. Muziki hakuna. Video moja ni saa mbili, na watu elfu kumi na moja, wengi wao wa miji mikubwa ya Sofia na Plovdiv, huiwasha ili wapate usingizi. Mimi nauza asali tangu nina miaka kumi na tisa, na sijapata kuona bidhaa nyingine ambayo mteja anaisifu kwa sababu hakuimaliza.

Zamani alishona suruali, miaka ishirini na sita katika karakana moja ya nguo, mpaka ikafungwa. Akatoka na masikio yaliyochoshwa na cherehani, na simu aliyoachiwa na binti yake anayefanya kazi Uhispania. Simu anaisimamisha kwenye kigoda cha kukamulia mbuzi, alichokitoboa mwenyewe. Kipaza sauti amekivisha ngozi ya sungura, maana upepo wa milima yetu ya Rodopi ukikikuta uchi husikika kama lori linalopanda mlima. Video anaikatakata na kuiunga mezani jikoni, miwani miwili puani. Mtandao nao haupatikani ila huko juu, kwenye zizi la mbuzi. Basi huiweka simu juu ya nguzo ya ua, akakaa jiweni akifuma soksi, na zile saa mbili za ukungu zikawa zinapanda angani polepole, kama moshi usio na safari. Nimepita pale asubuhi nyingi na mizinga yangu garini. Ukimwona huwezi kusema yuko kazini au yuko ndotoni. Hata mbuzi huacha kutafuna.

Vuli iliyopita nilimpelekea chupa ya asali ya msituni, yenye lebo yangu mpya. Sitasema nilisukumwa na upendo. Kwenye video yake kijiko kikapanda, asali ikashuka kama uzi wa dhahabu kwa dakika nzima, nyuma yake ukungu unapumua dirishani. Wiki mbili baadaye sikuwa na chupa hata moja ya kuuza.

Wiki ya tatu Fidanka akaletewa barua kutoka ofisi ya kulinda wateja. Mtu alikuwa amelalamika. Nadhani ni muuza asali mwenzangu, na ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Barua ilisema video inayoonyesha bidhaa ya mfanyabiashara, ikiwa mpigaji kaipata kwa malipo au kwa mabadilishano, lazima itangazwe wazi kuwa ni tangazo. Aende mjini Smolyan, ofisini kwao, kujieleza.

"Niandike TANGAZO juu ya ukungu?" alinishambulia mlangoni kwangu, barua mkononi. "Mtu macho yanafumba, anaelea, mara herufi kubwa usoni kama tochi! Si watanikimbia wote, kaka Stamen? Nitarudi kushona suruali za nani?"

"Sema ni zawadi ya jirani, basi. Zawadi haina kesi."

"Nitasema ukweli."

"Ukweli ndio huo huo, dada. Wewe usiuongezee tu."

Nikampeleka mwenyewe. Ofisini alitupokea binti mmoja, Mileva, mpole, na kwa lafudhi yake nilijua katokea kijiji cha milima hii hii.

"Mama, ulilipwa uionyeshe hiyo asali?"

"Hata senti."

"Aliyekupa alikuomba uionyeshe?"

Fidanka akanitazama. Mimi nikatazama chungu cha maua.

"Hakuomba. Ila alikuja jikoni kwangu akaigeuza lebo itazame simu, akidhani simwoni."

Binti akauma midomo asicheke. "Na wewe ulimpa chochote?"

Hapo nilimkanyaga mguu. Nilikanyaga bure.

"Unaniuliza kama nilirudisha chupa tupu? Mimi? Binti yangu, umelelewa na nani? Niliirudisha na lyutenitsa ndani, pilipili na nyanya nimezichoma na kuziponda mwenyewe, imejaa mpaka kifunikoni! Ningeirudisha tupu, marehemu mama angefufuka anichape!"

Mileva akaweka kalamu chini. "Basi mama, hayo ndiyo mabadilishano. Umepokea bidhaa, umeionyesha, umetoa bidhaa."

"Kwani kwenu mnarudisha vyombo vitupu?"

"Haturudishi," alisema taratibu. "Bibi yangu, hata akirudisha sahani, huweka japo tofaa juu yake. Lakini sheria haimjui bibi yangu."

Kisha Fidanka akauliza, "Mtazamaji ajulishwe kwa macho tu, au hata kwa masikio?"

"Ilimradi ajue tangu mwanzo, mama, asihangaike kutafuta. Safari hii ni onyo tu."

Tukarudi. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, na Fidanka aliutazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Tangazo lake alilirekodi jikoni, mara tatu, kwa sauti ya chini, maana hajui nyingine. Na kwa kuwa aliogopa kusahau mtu akaitwa tena, akataja kila kitu. Sasa video zake zinaanza hivi: ukungu, kengele moja, halafu yeye. "Hili ni tangazo. Kuni nimepewa na jirani yangu Shina, nikamrudishia mayai. Jibini imetoka kwa Asen, nikamfumia soksi. Chumvi nimeazima kwa Bibi Ruzha, nitamrudishia kesho, ikiwa na kitu juu…" Anakwenda nyumba kwa nyumba, dakika nne nzima, na ukungu nao unakwenda pamoja naye.

Wiki ya kwanza mia nne waliondoka. Nilihesabu mimi, kwa kuwa asali yangu nayo ilikuwa ndani ya biashara hiyo. Waliobaki wakaandika kwamba wanalala mapema kuliko zamani, wengine wakifika tu kwenye jibini ya Asen, na wakamwomba aongeze majirani. Suruali hatashona.

Hasara ni yangu. Anataja kwa mpangilio wa milango, kuanzia kwenye chemchemi iliyo juu ya kijiji, na nyumba yangu ni ya mwisho chini ya mlima. Ikifika zamu ya asali hakuna aliye macho. Juzi nikamfuata zizini, nikamwambia anitaje wa kwanza, nitamletea chupa mbili kila mwezi.

Hakuinua macho kwenye soksi. "Sawa, kaka Stamen. Ila na hizo mbili itabidi nizitaje, na sababu yake."