Helmeti ya Bosi

Wasomaji, nichekeni tu. Mimi ni msimamizi wa kiwanda kidogo cha matofali hapa Kathonzweni, na kelele zangu za kila asubuhi ni hizo hizo: vaeni helmeti! Juzi mkaguzi wa usalama akaja, akakuta wafanyakazi wote wamevaa, isipokuwa mimi.

"Yangu iko stoo," nikajitetea. "Jana nilishinda nayo kichwani."

Fundi Mutua akakohoa. "Bosi, wacha nikuletee."

"Hapana! Twende wote, mkaguzi aione."

Tukaingia. Ndani ya helmeti yangu alikuwa amelala kuku, na vifaranga wawili wakachungulia kutoka chini ya mabawa.

Mkaguzi akainama, akatabasamu. "Na jana, huyu mama alikuwa analalia mayai wapi?"