Pima Sita za Bi Kipande

Uzi uliisha kabla ya raketi. Bi Kipande aliutazama mwisho wake uliokuwa ukining'inia kwenye fremu, akaupapasa kwa vidole akidhani umejikunja mahali, lakini haukuwa umejikunja popote. Mistari miwili ya mlalo ilikuwa bado wazi, na mkononi alibakiwa na uzi usiotosha hata mmoja. Kijasho chembamba kikamtoka. Hakuogopa kwa ajili ya uzi. Aliogopa kwa ajili ya mkono wake wa kulia.

Mama huyu alikuwa fundi wa kufunga nyuzi za raketi za mpira wa vinyoya. Kazi aliifanyia sebuleni kwake, mashine ya kuvutia uzi ikiwa imebanwa kwenye meza ya chakula, hivyo yeye na mumewe walizoea kula sahani zikiwa mapajani. Jina la Kipande alipewa na wachezaji, maana hakutupa hata kipande. Mafundi wengine hukata uzi kwa kukadiria, wakaongeza kidogo wa kujitoa wasiwasi, kisha wakafagia mabaki. Kwake hiyo ilikuwa dhambi. Yeye alisimama katikati ya sebule, akatanua mikono, akaupima uzi kifuani: pima sita, basi, mkasi. Fremu ikishajaa zilibaki shubiri mbili tu, na hizo nazo zina kazi. Siku ambayo mwisho wa uzi haukufika kwenye kishikio cha mashine, aliuunga kwa kipande kama hicho, mashine ikavuta kipande, kipande kikavuta uzi. Majirani walisema ana mkono wa birika, naye alicheka, kwa sababu ubahili wa uzi kwake ulikuwa sifa.

Sasa tazama mtu anavyoweza kujidanganya mchana kweupe. Wiki kadhaa nyuma mabaki yalianza kupungua. Shubiri mbili zikawa moja na nusu, zikawa moja, mwishowe kikawa kipande cha kidole. Kocha wa klabu, mteja wake mkubwa, akamvika kilemba cha ukoka: "Mama, wewe mwaka huu utafunga raketi kwa hewa." Bi Kipande akavimba kichwa. Alimwambia mumewe kwamba ufundi umemkolea, kwamba sasa hapotezi hata unywele. Hakujiuliza ilikuwaje pima ni zile zile sita, raketi ni zile zile, na uzi unazidi kupungua.

Au tuseme alijiuliza, akajitia hamnazo. Bega lilikuwa limeanza kukaza zamani kidogo. Kopo la majani ya chai alikwisha kulihamisha kutoka rafu ya juu, akisingizia vumbi. Kuchana nywele alichana kwa mkono wa kushoto, na akiulizwa alisema anajifunza.

Aliyajua hayo yote, ndiyo maana hakutaka kuyajua. Marehemu baba yake, seremala, alianza hivyo hivyo. Kwanza alishindwa kufikia rafu. Halafu akawa anavalishwa shati. Siku moja randa ilimponyoka, akaiangalia pale chini, asiiokote tena maisha yake. Walipompeleka hospitali daktari alisema mngemleta mapema, maneno hayo tu, wakarudi naye nyumbani. Bi Kipande ndiye aliyemlisha kwa kijiko, na ndiye aliyekuwa akiuinua ule mkono kila asubuhi ili ausafishe chini ya kwapa. Ulikuwa mzito, na haukuwa na habari na mtu.

Alijaribu kuiokoa raketi. Alichagua kipande kizuri kwenye kopo la mabaki, akapiga fundo, kisha akalifungua mwenyewe, maana kipande husaidia kuvuta uzi uliokwisha kupita matundu yote, hakiwezi kuwa uzi. Ikabidi aukate wote. Alianzia katikati, akizunguka polepole ili fremu isipinde, na kila uzi ulipokatika ulilia, naye akashtuka kila mara, yeye aliyeisikia sauti hiyo miaka nenda miaka rudi.

Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na uzi alioukata zamani kwa mchezaji mmoja aliyesafiri kabla ya kuleta raketi yake. Aliutungua. Akasimama mahali pake pa siku zote, akakata mwingine mpya, pima sita, safari hii akitanua mikono mpaka bega likamchoma na machozi yakamlengalenga. Akaibana miisho ya nyuzi zote mbili chini ya mguu wa meza, akazinyoosha sakafuni sambamba.

Uzi wa zamani uliupita mpya karibu shubiri nne.

Alipiga magoti pale pale. Kwa hiyo haukuwa ufundi. Wiki zote hizo alikuwa akijisifu kwa ugonjwa, na mumewe alimpigia makofi.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, aliingia na ndoo tupu ya nguo, akasimama.

"Mbona umetandaza nyuzi chini?"

"Napima tu."

"Huo mmoja mfupi."

"Nyuzi za siku hizi zinanywea, mume wangu. Wanatuuzia takataka."

Alitegemea acheke. Hakucheka. Aliiweka ndoo chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Uzi haunywei, mke wangu."

"Basi ni bega. Nimelilalia vibaya. Wacha nimalize raketi za kocha, wana mashindano, halafu nitakwenda kuangaliwa."

"Utakwenda lini?"

Bi Kipande akaunyoosha kwa kidole uzi ambao tayari ulikuwa umenyooka. Mumewe akajikuna kidevu, akatazama dirishani, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nilitaka kukwambia siku nyingi, nikaogopa," alisema. "Ile kamba ya kuanikia nguo nimeishusha. Nilikuona unasimama kwa ncha za vidole, shuka inakushinda. Nikasema nikikwambia nitakuvunja moyo. Nikangoja umelala mchana, nikaishusha."

Mpaka dakika ile jambo hili lilikuwa la Bi Kipande peke yake, na jambo la mtu mmoja huenda likawa si kweli. Sasa lilikuwa limeonwa na macho mengine. Na yeye, fundi wa kupima, alikuwa akianika nguo kila siku bila kugundua lolote. Alijilazimisha kuuliza, ili angalau ajue limeanza lini, ili ajue kama bado ni mapema.

"Umeishusha lini?"

Mumewe akaitazama ndoo.

"Mara ipi?"

Bi Kipande akakaa sakafuni juu ya nyuzi zake.

"Twende leo," alisema. "Twende sasa hivi. Nishike, mume wangu."