Alama ya Kidole Kwenye Gundi

Lori la shambani lilipoingia kinyumenyume uani mwa gereji, karibu na mto Themi, Sumari hakuinua kichwa. Aliendelea kung'arisha mlango wa gari aliokuwa nao. Tangu asubuhi Lekishon, msimamizi wa gereji, alikuwa akikwepa kumtazama usoni, naye Lekishon hakuwa mtu wa kumkwepa mtu. Sumari akajua lori limeleta nini.

Ilikuwa ile mashua nyeupe ya ziwa Duluti. Mjini Arusha hapakuwa na nyingine kama hiyo. Haikuchongwa kwa mbao. Ilitengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa, kisha ikapakwa tabaka laini lililong'aa kama sahani ya kaure. Mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Akheri, na mtunzaji wake alikuwa Aminieli, mtoto wa kwanza wa Sumari. Wakati wa masika Aminieli aliingia nayo ziwani, upepo ukaipindua. Mashua ilipatikana. Aminieli hakupatikana. Watu walipapasa maji kwa miti mirefu mpaka wakachoka, kwa maana ziwa lile lina kina kikubwa.

Tangu siku hiyo nyumbani kwa Sumari hapakuwa na matanga wala hapakuwa na amani. Mchungaji alikuwa tayari kufanya ibada bila mwili, lakini Magdalena, mke wa Sumari, alikataa. Kwao wafu hulazwa migombani, hatua chache kutoka mlangoni. Babu yupo pale, bibi yupo pale, na watoto wawili waliokufa wachanga wapo pale. Jamaa wakamshauri azike shati la kijana. Akawajibu kwamba shati limetoka dukani, nalo lingeweza kuwa la mtu yeyote.

"Nipeni kitu kilichotoka mwilini mwake," aliwaambia. "Nikishakilaza, hapo nitalia."

Hakuna aliyekuwa nacho.

Sasa mashua ilikuwa imeuzwa, na mnunuzi aliitaka safi. Ukingoni mwake ulikuwa umebandikwa mkanda wa turubai. Ulipobanduliwa, gundi ya mpira ikabaki, nyeusi kwa vumbi, mahali pengine nene kama uji ulioganda. Lekishon alimwomba Sumari abaki na magari yake.

"Hii niachie mimi, mzee."

"Mkono wako ni wa kufunga ng'ombe kamba," Sumari akamwambia. "Utaichubua."

Lekishon, mtu wa Ngaramtoni kwa wafugaji, nusura acheke. Akamfungulia milango yote miwili ya banda ili hewa ipite, akaondoa jiko la makaa lililokuwa uani, akaenda zake.

Sumari alianza kama alivyoanza kazi zote. Alijaribu kwanza chini ya mashua, mahali pasipoonekana. Tina, ile ya kuzimulia rangi, ilikula mng'ao papo hapo, akaiweka kando. Spiriti haikudhuru kitu, ila ilikauka upesi kabla gundi haijalegea. Mafuta ya taa yalifanya kazi polepole bila kuumiza lile tabaka la juu. Basi akalowesha kitambaa kidogo, akasugua sehemu ndogo, akafuta mara moja, akaosha kwa maji ya sabuni, akasogea mbele. Hakumwaga mafuta juu ya mashua, wala hakuyaacha yakae.

Alikuwa amekaribia mwisho wa ukingo alipoiona. Mahali ambapo mkanda haukufika, gundi ilikauka ikiwa wazi, na ndani yake palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yote ilionekana, na katikati ilikatwa mshazari na kovu. Sumari alilijua kovu lile. Aminieli alilipata utotoni, alipoingiza kidole kwenye mashine ya kumenya kahawa, na Sumari ndiye aliyemfunga kitambaa huku mtoto akimuuliza kama kitaota kidole kingine.

Aliweka chini kitambaa. Alikaa muda mrefu mbele ya alama ile bila kuigusa.

Kisha akawaza namna ya kuibandua nzima, ampelekee Magdalena. Akiikwangua kwa kisu itavunjika. Hapo akakumbuka kahawa. Kahawa iliyomenywa, ukiilaza ndani ya maji usiku kucha, utelezi wake hulegea wenyewe na punje hubaki nzima. Kazi ile aliifanya tangu ujana wake, na haikuwahi kumwangusha. Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akakilaza juu ya alama taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa, akakiacha mpaka wenzake waliporudi kutoka kula.

Alipokiinua, gundi ilikuja nacho. Haikuja kama ngozi, ilikuja kama tope. Mistari haikuwapo. Kovu halikuwapo. Ukingo wa mashua ulibaki mweupe, safi, bila doa.

Lekishon alimkuta ameketi chini na kitambaa mikononi. Kwa kawaida matambara ya mafuta yaliingia kwenye debe lenye mfuniko, nje, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka nayo. Sumari akamweleza, kwa maneno machache. Lekishon akafikiri, akamwambia akitandaze juani mpaka kikauke, na akifika nyumbani asikisogeze karibu na moto hata kidogo.

Jioni Magdalena alikipokea nje ya nyumba. Sumari hakumficha lolote. Alimwambia jinsi alama ilivyokuwa, na jinsi alivyoiyeyusha kwa mikono yake mwenyewe. Magdalena akakipeleka kitambaa puani.

"Kinanuka mafuta ya taa, Baba Aminieli."

"Ndiyo."

"Na kidole chake kimo humu?"

"Kimo. Ila hakionekani tena."

Alikigeuza upande huu na upande huu, akipapasa lile tope la gundi kwa kidole chake. Halafu alikikunja kidogo kidogo mpaka kikaenea kiganjani, akakibana kifuani.

"Chimba," akasema.

Sumari akachukua jembe, akaenda migombani, pembeni mwa wale watoto wawili. Kwa kitambaa kile, shimo la kiganja lingetosha. Magdalena alisimama akimngoja, naye akachimba akapita magoti, akapita kiuno, akalirefusha shimo kwa kimo cha kijana wake. Magdalena hakumzuia. Alipotoka shimoni na kunyoosha mkono apewe kitambaa, mkewe alikuwa ameanza kulia.