Nyimbo Zilizokuja na Kompyuta

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Wamagana, mke wangu, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya, aliunganisha simu yake na spika. Gitaa likaanza tuni ya wimbo wa ibada tunaoujua sote, nasi tukasimama. Kisha mwimbaji akaanza kusifu pombe na nyama choma.

Ilikuwa mugithi, muziki wetu wa baa, ambao hupenda kuazima tuni za kanisa. Aliyeuleta ni mimi, fundi wa kujiteua. Jumamosi nilikuwa nimejitolea kumwekea nyimbo mpya za kwaya kutoka kompyuta yetu ya nyumbani. Programu ikaniuliza kama ifute zilizo kwa simu na kuweka zote za kompyuta. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma, kama mtu aliyekaribishwa chai. Zikaingia hata zile nilizomwambia zamani kwamba zilikuja na kompyuta tulipoinunua.

Mke wangu aliizima simu haraka. Wazee wa kanisa wakamalizia kiitikio cha mugithi huo bila kukosea neno, na sauti iliyowashinda wote ilikuwa yangu.

"Ati zilikuja na kompyuta?" akaniuliza kwa upole, maiki ikiwa bado imewashwa.