Safari ya Shingo ya Mwanahamisi

Tulikwenda Tanga kwa ajili ya uvimbe uliokuwa shingoni mwa Mwanahamisi, binti wa mjomba wangu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Hospitali ilikwisha kukata kipande na kukichunguza. Sasa tuliitwa kusikia kama ni kansa, na kama ndiyo, ya aina gani. Hofu yake ilikuwa moja: kisu kisije kikaondoka na sauti. Harusi gani kijijini kwetu Mwera iliimbwa bila yeye kuongoza?

Asubuhi tulivuka mto Pangani. Mtoto wa mjomba ni mtani, na utani haupumziki kwa sababu ya maradhi.

"Ukifa," nilimwambia, "lile sufuria kubwa ni langu."

"Lichukue, ukachemshie akili yako. Huenda ikalainika."

Adhuhuri tukapanda lori la mkonge. Nilimweleza yote niliyosoma juu ya tezi ya shingo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vitabu vyote hivyo, na vifungo vya shati umevikosea."

Jioni tulifika Tanga, mtaa wa Makorora, kwa mama yake mkubwa, Bi Zuhura. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mgonjwa mbona anacheka?"

"Mgonjwa ni huyu," alisema Mwanahamisi akinionyesha. "Mimi namsindikiza."

Lakini chakula hakukigusa.

Kulipokucha tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa Mzungu, mgeni wa desturi zetu. Alipotaja upasuaji, nikadakia kama mtani anavyopaswa: "Mkate tu, bwana daktari. Vyombo vyake tumeshagawana."

Uso ukamwiva. Akanitoa nje, mlango ukafungwa, nikabaki barazani na maswali yangu yote. Kisha nikasikia sauti ya Mwanahamisi:

"Mrudishe. Mbele ya mwingine nitalia. Mbele ya huyu siwezi. Atanicheka mwaka mzima."

Nikarudishwa, na daktari akaniruhusu nichungulie kile kipande kwenye hadubini. Ilikuwa kansa. Hata hivyo chembe zake zilijipanga kwa duara, na ndani ya kila duara mlikuwa na ute uliokolea rangi ya waridi: protini ambayo tezi yenye afya huitengeneza. Daktari akaweka kioo kingine, chenye kipande cha mgonjwa mwingine. Humo chembe zilitapakaa ovyo, na ute haukuwepo.

"Hii imesahau kazi ya tezi, nayo hukimbia," alisema. "Yako bado inaifanya, nayo huenda polepole. Tukiikata, kuna matumaini."

Mwanahamisi akanigeukia. "Umesikia? Hata kansa yangu ina kazi. Wewe je?" Kisha, bila kucheka: "Na sauti?"

"Mshipa wake uko jirani. Siwezi kuahidi."

Akanitazama.

"Ukiwa bubu," nilisema, "Mwera itapata usingizi."

Akacheka, akakubali.

Kidonda kilipofunga tukaanza kurudi. Alikuwa akinong'ona tu. Ndani ya lori nilitania peke yangu, nikaona utani usiojibiwa hauna ladha. Nilikuwa nimejifunza kwamba neno kansa pekee halitoshi. Sharti uulize ni ipi, na chembe zake zinafanya nini. Lakini hospitali nzima haikuwa na kioo cha kunionyesha kama ataimba.

Kivukoni niliteleza, nikakalia kapu la dagaa la mama mmoja.

"Mtazameni msomi!"

Sauti ya Mwanahamisi ilikwaruza katikati, lakini abiria wote waligeuka, hata wa ng'ambo.