Surua Ilivyoingia kwa Mama Furaha

Baridi ya Johannesburg ya mwaka 2017, kwangu, inanuka mawese yaliyopashwa moto. Mama alikuwa akimpaka mdogo wangu Zawadi, aliyejaa vipele vya surua, katika chumba chetu kimoja cha mtaa wa Bertrams, ndani ya nyumba kuukuu ya bati ambayo mbao za sakafu yake zililia kwa kila hatua. Nilikuwa na miaka kumi, mwenye maswali mengi kuliko chakula, na surua ile niliifurahia kwa sababu ilituletea wageni. Kwetu, watu wa Bukavu, Kongo, mgonjwa haachwi peke yake. Akina mama wa kikundi cha maombi walikuja kila jioni na sufuria za ugali na sombe, kisamvu chetu, watoto mgongoni, wakaimba mpaka vioo vya dirisha vikatoka jasho. Mama Furaha, aliyeshona nguo pamoja na Mama, alimlaza mwanawe Baraka, wa mwaka mmoja, ubavuni mwa Zawadi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alicheka. "Huyu ndiye daktari wenu!"

Kesho yake akabisha muuguzi wa kliniki, aliyekuwa akiifuatilia surua nyumba kwa nyumba. Ilimchanganya: iliruka mtaa mzima, ikatua mbali. "Mama, nani ameingia humu? Ipo sindano ya kuwakinga watoto wao, ila isichelewe."

Sufuria za watu zilikuwa zimepangana kona, bado hazijaoshwa. Mama alizitazama, akasema, "Hakuna mtu."

Muuguzi alipoondoka, Mama alikaa kitandani. "Miye siwezi kuuzisha watu kwa serikali," alisema. Kibali cha Mama Furaha cha kuishi nchini kilikuwa kimekwisha muda, na katika nyumba ile kila aliyeuliza majina alihesabiwa polisi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kwamba kilio chenyewe huweza kulia kwa jirani. Zawadi alipona. Baraka alishikwa na homa, vipele, kisha masikio yakatoka usaha, na uwezo wake wa kusikia haukurudi. Kila Krismasi tangu hapo Mama alimshonea suti, wala hakueleza kwa nini.

Shule niliiacha mapema, nikatangatanga mpaka Durban na Musina. Katika maktaba moja nilimojikinga na mvua, nilisoma kwamba miaka mia iliyopita wakaguzi wa afya walipita katika mitaa mikongwe kama yetu wakifuata maradhi ya watoto mlango kwa mlango. Siku hizi ujumbe mmoja wa simu ungewafikia akina mama wote wa maombi kabla chai haijapoa. Lakini nani angeuandika?

Mwezi uliopita nilipita Bertrams. Baraka, sasa mvulana mrefu, alikuwa akivuka barabara bila kugeuka, na gari likija. Mama alimwita kutoka kibarazani. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akakumbuka, akakimbia. Gari lilipopita alikuwa amemkumbatia kwa mikono yote miwili, na bado alikuwa akimwita jina lake.