Nilimwangusha Shangazi, Nikavishwa Medali

Nilikosa mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa siku kumi na tisa nilisema kila neno jingine duniani isipokuwa hilo.

Jina langu naomba lifichwe, kwa heshima ya familia. Ingawa hapa Mji wa Kale sasa hivi hata paka wa sokoni Marikiti wanajua ni nani. Nawaandikia nyinyi msionijua, huenda mmoja wenu akasalimika.

Nina miaka thelathini na minane, nina mke, nina duka la mapazia. Mwaka jana daktari aliniambia nipunguze tumbo. Alisema nitembee. Ningetembea, haya yasingetokea. Lakini kutembea kila mtu anatembea, na mimi tangu utotoni napenda kuonekana.

Nikajiunga na kikundi cha waendesha baiskeli wanaokutana Mbaraki kila Jumapili asubuhi. Ni watu wa kazi zao tu: fundi wa friji, karani wa bandarini, mwalimu mmoja aliyestaafu. Kiongozi wao, Salim, wote wanamwita kapteni.

Kabla sijapanda baiskeli hata mara moja, nilikuwa nimeshanunua kila kitu. Jezi ya kubana, kaptura ya kubana yenye sifongo makalioni, miwani myeusi, na vile viatu vinavyonasa kwenye pedeli. Baiskeli yenyewe unaiinua kwa vidole viwili. Mara ya mwisho kuendesha nilikuwa darasa la sita.

Siku hiyo ya kwanza nilipita mbele ya nyumba ya shangazi yangu, Bi Maimuna, dada wa marehemu baba. Macho yake yana ukungu, haoni mbali, lakini hilo aliliona.

"Mwanangu," akasema, "umesahau suruali."

"Hii ndiyo suruali, Shangazi."

"Hiyo? Basi pita ndia ya nyuma. Watu wako barazani."

Nilipofika Mbaraki nikasimama kuwasalimu wenzangu. Viatu havikunasuka. Nikaanguka ubavu, polepole, kama kabati, nikiwa nimesimama mahali pamoja. Mtu mwenye akili angechukua lile kuwa somo. Mimi nilitazama huku na huku kuona nani ameniona.

Aliyekuja kuniinua alikuwa Bakari. Bakari ni muuza boflo. Anachukua mikate Mbaraki na kuileta mtaani kwetu nyumba kwa nyumba, juu ya baiskeli nyeusi ya chuma yenye tenga kubwa nyuma. Asubuhi nyingine alikuwa akifuatana na kikundi chetu kidogo, kwa kuwa njia ni moja. Kwenye kilima kimoja kidogo cha njiani, mimi na gia zangu ishirini na mbili nilikuwa nahema kama ng'ombe wa Idi. Bakari alinipita na tenga lake limejaa.

"Sabalkheri, ndugu yangu," akaniambia. Wala hakuhema.

Kapteni akacheka. "Huyu angekuwa na baiskeli yako, tusingemwona tena."

Alitania tu. Lakini tangu siku ile nilimchukia Bakari, na nilipika sababu nyingi za kumchukia zisizohusu baiskeli. Nilisema mikate yake haikuiva vizuri. Nilisema kengele yake ina kelele.

Basi yakatangazwa mashindano madogo ya vikundi vya kisiwani. Watu kama thelathini. Kapteni alinikalisha chini akaniusia: "Usianze kwa mbio. Kaa nyuma ya mwenzako, akukatie upepo. Kula kabla hujaona njaa, kunywa kabla hujaona kiu. Mashindano ya kwanza si ya kushinda, ni ya kumaliza."

Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Usiku wa kuamkia mashindano nililala mapema, na asubuhi nikala kipande cha halua na kahawa chungu, nikidhani hicho ndicho chakula cha mabingwa.

Filimbi ilipolia nikatoka kama nimefukuzwa. Dakika tano nzima niliongoza. Wallahi, dakika zile tano ndizo tamu zaidi maishani mwangu, na zimenigharimu kuliko mahari. Kufika ufukoni pale penye upepo, miguu ikageuka uji na halua ikapanda kooni. Wakaanza kunipita. Kwanza wale wa mbele, kisha wale wa kati, kisha fundi wa friji. Mwisho akanipita mwalimu mstaafu, mwenye miaka sitini na zaidi. "Pole pole, bwana," akasema kwa upole. Bora angenitukana.

Nilipofika Ngome ya Yesu nilikuwa peke yangu. Mchuuzi wa vinyago alikuwa akipanga bidhaa zake.

"Wenzako wamepita zamani," akanijulisha, bila kuulizwa.

Sasa nisikilizeni. Njia ya mashindano ilikuwa ipande kutoka ngomeni hadi barabara kubwa, izunguke mbali huko Makupa, halafu irudi kwa Marikiti na kuelekea Mbaraki. Lakini mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Najua kwamba ukiingia vichochoroni pale ngomeni, unatokea Marikiti kwa dakika chache tu.

Sikuwaza. Ningependa kusema shetani alinishawishi, lakini sidhani hata alikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nilikata kona nikaingia.

Jumapili asubuhi vichochoro vilikuwa vitupu. Nilikwenda kasi, tena kasi ya kweli, ile niliyoitafuta barabarani nikaikosa. Kwenye kona moja nyembamba mtu akatoka mlangoni na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Usukani ukanasa buibui lake. Nikahisi mvuto, nikasikia sahani ikivunjika na mtu akianguka kwenye kizingiti cha mawe.

"Yallah, mkono wangu," sauti ikasema.

Niliijua sauti ile. Nimeisikia tangu nazaliwa. Alikuwa Shangazi Maimuna.

Nikasikia dirisha la juu likifunguliwa. Nikainamisha kichwa, nikakanyaga pedeli, nikakata kona.

Pale Marikiti nilijificha nyuma ya lori la kabichi. Ndiyo, nilijificha, na bado nilikuwa na akili ya kupiga hesabu. Nikaona nikitokea wa kwanza nitashukiwa. Nikasubiri wawili wakapita, ndipo nikaingia nyuma yao. Kwa unyenyekevu nilijichagulia nafasi ya tatu.

Nikavishwa medali. Walionipita ufukoni wakadhani niliwapita tena huko Makupa bila wao kuniona. Kapteni akanikumbatia. "Kumbe ulikuwa watuficha," akasema. Nikapigwa picha nikiwa nimeinua kidole gumba.

Adhuhuri mke wangu akanipigia simu: Shangazi ameangushwa na baiskeli, amevunjika kifundo cha mkono, wametoka hospitali sasa hivi. Nikaenda mbio kumwona. Medali ilikuwa bado shingoni. Nilisahau kuivua. Nadhani nilisahau.

Chumba kilijaa wanawake. Shangazi alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni. Hakuona uso wa aliyemwangusha, aliona gurudumu na mgongo tu. Jirani wa dirishani naye aliona tairi la nyuma likipotea konani.

"Baiskeli inayopita hapa kwetu ni ya nani?" akauliza jirani. "Si ni ya Bakari? Na saa ile ndiyo saa yake."

Ilikuwa kweli. Bakari alikuwa amepita pale muda mfupi kabla yangu. Tena wiki ile Shangazi alikuwa amemgombeza kwa kutopiga kengele.

Shangazi akainua ule mkono mzima. "Ewe Mola," akaomba, "aliyenivunja mkono akaniacha chini kama gunia, naye mvunje mguu, alale kama nilivyolala."

"Amin," wakaitikia wote.

Wakanitazama, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume wa pekee chumbani, na ndiye mpwa. Nikaitikia: "Amin." Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Siku ya pili baada ya Alasiri, wazee wakamwita Bakari barazani. Alikuja na kofia mkononi.

"Si mimi," akasema. "Mimi Bi Maimuna namheshimu kama mamangu. Na baiskeli yangu na mzigo ule, kona ile siwezi kwenda mbio hata nikitaka. Nitapinduka."

Mzee Abud, ambaye neno lake ndilo la mwisho pale mtaani, akanigeukia. "Hapa tuna bingwa wa baiskeli. Hebu tueleze wewe, mtaalamu. Yawezekana?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake nilisimama nikakohoa. Nikaeleza habari za uzito na mteremko. Nikasema baiskeli yenye mzigo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa breki zake huchelewa. Nikamnasihi Bakari mbele za watu kwamba mwendeshaji muungwana hupunguza mwendo penye kona na kuwafikiria wazee. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema nina kipaji cha kufundisha.

Bakari alinitazama muda mrefu. Hakujua kitu, alishangaa tu.

Wakamkataza kupanda baiskeli ndani ya mtaa. Aikokote kwa mguu. Boflo ikawa yafika watoto wameshakwenda shule. Nyumba moja ikamwacha, kisha ya pili, kisha nyingi.

Na mimi? Baiskeli ikanishinda. Kila nikipanda nilikumbuka ile dua niliyoiitikia. Mguu wa kushoto ukawa unawasha. Penye shimo nashuka, penye mchanga nashuka. Kapteni akauliza mbona bingwa wetu anatembea na baiskeli kama anampeleka mbuzi sokoni. Nikasema nina mafua.

Siku ya kumi na nane Bakari alikuja dukani. Nilidhani amejua, nikashika mkasi wa kukatia vitambaa bila sababu. Akasimama mlangoni, akanisalimu salamu zote, za nyumbani, za watoto, za kazi. Kisha akasema:

"Ndugu yangu, nimekuja kwako kwa sababu wewe wasikizwa. Wazee wanakuheshimu, na habari za baiskeli wazijua. Nisemee kwao. Waambie kwamba mtu kama mimi hawezi kumwangusha mzee akakimbia. Wewe wanijua. Ulipoanguka Mbaraki nilikuinua."

Nikamwambia nitaona la kufanya. Akanishukuru. Akanishukuru mara mbili.

Nilifunga duka kabla ya Magharibi nikaenda nyumbani, nikamweleza mke wangu yote. Hakupiga kelele. Aliendelea kukunja nguo.

"Nilijua una jambo," akasema. "Mtu kama wewe hawezi kushinda mbio akaacha kujisifu baada ya siku mbili."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Shangazi. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema.

"Uliponiangusha, ulinijua ni mimi?"

"Nilikujua, Shangazi."

"Ukaenda zako."

"Nikaenda zangu."

Akageuza uso ukutani. Nimepigwa nikiwa mtoto, nimefukuzwa shule, nimezika baba. Sijawahi kuona kitu kizito kama ule mgongo wake. Kisha akasema, bila kugeuka: "Njoo karibu nikuondolee ile dua. Ukivunjika mguu, nani atanipeleka kliniki?"

Aliniondolea. Lakini hakuniuliza nimekunywa chai, na kwa Shangazi Maimuna hiyo ni hukumu.

Alasiri nikasimama barazani, mahali pale pale nilipotoa mhadhara wa breki, nikasema mbele ya Mzee Abud, mbele ya kapteni niliyemwita mwenyewe, na mbele ya Bakari. Hakuna aliyesema nina kipaji cha kufundisha. Nikamwomba Bakari radhi.

"Nimekusikia," akajibu. Akavaa kofia yake akaondoka. Kusikia si kusamehe, na mpaka leo hajaongeza neno.

Medali nilimpelekea mwalimu mstaafu, maana huko Makupa aliwapita wengi kwa subira yake, akawa ndiye wa nne. Aliigeuzageuza mkononi. "Ningeipata siku ile, ningefurahi," akasema, akaitia mfukoni.

Kapteni aliniweka nje miezi mitatu, kazi yangu kugawa maji kwa wenzangu barabarani. Nilipinga moyoni wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikaanza kutazama. Nikaona wanavyojipanga mmoja nyuma ya mwenzake wakipokezana upepo, na kwamba wanaomaliza vizuri ni wale waliokuwa wavumilivu mwanzoni. Mashindano yaliyofuata nilishiriki. Nilikula uji wa mtama, nilianza taratibu, nikazunguka Makupa kwa miguu yangu mwenyewe. Nilifika wa tatu kutoka mwisho. Walikuwa wameanza kukunja turubai.

Bakari sasa amerudishiwa ruhusa ya kupanda baiskeli mtaani. Wengi walimrudia. Lakini nyumba tatu hazikurudi, zimeshazoea mikate ya dukani. Nilikwenda kuzibembeleza, nikagonga mlango mmoja mmoja. Wakanisikiliza kwa adabu, wakafunga milango.

Kwa hivyo nawaambia wenzangu mnaoanza mchezo huu, na hata msiojua baiskeli ina magurudumu mangapi. Kushindwa kuna mwisho. Watu watacheka siku mbili watasahau. Na ukikosa, sema siku ile ile, mkono wa uliyemuumiza ukiwa bado haujafungwa plasta. Ukichelewa utasamehewa labda, na utapata usingizi wako, lakini usingizi ni wako peke yako. Nyumba tatu za Bakari hazirudi.